Usingizi wa Mkwe Wangu

Mliniacha kwenye foleni ya kituo cha ukaguzi, jua likiwa utosini. Nyuma yangu kulikuwa na tela lililojaa samaki waliogandishwa. Kando yangu mkwe wangu alikuwa akipigana na usingizi kama mtoto anayeogopa kuwakosa wageni.

Aliyezikosa sehemu zilizotangulia na ajue haya tu. Mimi ni mjane niliyeendesha basi la shule mpaka shule yenyewe ilipofungwa. Nikaingia darasa la magari makubwa pamoja na vijana wanaoweza kuwa vitinda mimba wangu. Niliangusha pipa la mtihani wa kurudi nyuma mara mbili, nikaambiwa nikapike. Mara ya tatu sikuliangusha.

Hakuna dereva aliyekubali kunifundisha barabarani ila mmoja, naye ndiye aliyemwoa binti yangu.

Safari hii ndiyo ya mwisho chini ya macho yake. Ikimalizika salama, tajiri mwenye magari atanikabidhi lori langu. Isipomalizika salama, nitarudi katika nyumba ya binti yangu, nilale chumba kimoja na wajukuu zangu, nihesabiwe miongoni mwa walaji.

Mkwe wangu alikuwa amekesha akibadilisha tairi lililotupasukia njiani. Kisha akaendesha milimani asubuhi nzima, kwa kuwa hakutaka niishuke miteremko ile nikiwa na mzigo.

Jambo moja lazima mlielewe, maana ndilo lililotuponza. Mkwe wangu ananiheshimu.

Hafungui mlango wa lori kabla ya kukohoa. Hatafuni nikiwa namtazama. Zamu yake ya kupumzika ikifika, huteremka akajinyoosha chini ya tela, juu ya kipande cha katoni, na kitanda kilicho nyuma ya viti vyetu kikabaki kitupu. Mtu halali mbele ya mama mkwe wake.

Kunikosoa ndiko hakuwezi kabisa. Nikikosea, huligombeza lori.

"Wewe gari," husema, akiutazama mteremko, "unakimbilia wapi na gia kubwa hivyo? Unataka breki zikuungulie?"

Nami hupunguza gia, na heshima ya kila mtu ikabaki mahali pake.

Siku ya kwanza kabisa aliligombeza tela. Alisimama mbele ya mashine ya baridi, ile inayofungwa kwenye paji la tela nyuma tu ya vichwa vyetu, akasema: "Na wewe, mtu asikuzime mpaka ghalani. Unasikia?"

Nilisikia mimi.

Sasa turudi kwenye foleni.

"Lala," nikamwambia.

"Niko sawa, mama."

"Umeniambia nimpishe mwenye baiskeli. Ile ni nguzo, baba."

Akaitazama nguzo. Akafikicha macho. "Basi nishuke nijinyooshe kidogo."

"Chini kuna lami inayochemka. Panda kitandani."

"Mama, mimi nilale hapa, wewe umekaa hapo..."

"Mimi natazama mbele. Wewe uko nyuma. Sikuoni. Lala."

Akapanda na viatu vyake, akavuta pazia. Kitanda kikalia mara moja tu, kisha nikasikia pumzi ya mtu anayejizuia hata kukoroma.

Dereva wa lori la jirani, mtu wa kicheko kikubwa ambaye barabara nzima humwita Baragumu, akachungulia dirishani pangu.

"Mama Mkwe, mwenzetu yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala? Yaani huyu jamaa alioa mke akapewa na dereva humohumo?"

"Punguza sauti."

"Na kufua je? Mnapeana zamu?"

"Kwa shati hilo," nikamjibu, "naona nyumbani kwako zamu haijamfikia mtu."

Alilitazama shati lake, akacheka, akapandisha kioo chake. Baragumu alinyamaza. Mashine ya baridi haikunyamaza.

Mashine ile haina adabu. Hunguruma, hukoma, kisha huanza tena kwa kishindo, na kishindo chenyewe hupiga ukuta uleule ambao kichwa cha anayelala kimeegemea. Kila ilipoanza, kiatu cha mkwe wangu kiliruka chini ya pazia. Nilimsikia akijigeuza. Nilimsikia akiguna.

Nimelea watoto, nami nimewasafirisha watoto wa wenzangu. Walipokuwa wakisinzia ndani ya basi, nilikuwa nikifunga mlango kwa mkono ili usigonge. Sijui kukaa karibu na mtu anayeruka usingizini nisifanye kitu.

Nikapiga hesabu kwa akili ya jikoni. Nyumbani umeme hukatika asubuhi ukarudi jioni, na samaki walio ndani ya friji hubaki mawe, mradi mtu asifungue mlango. Ni nani asiyejua hayo? Nusu saa ingewadhuru nini samaki wanaosafiri ndani ya sanduku lenye kuta nene kama godoro?

Nikateremka. Nikabonyeza kitufe.

Injini ya lori ikabaki ikinong'ona peke yake. Kiatu kikatulia. Nikarudi kwenye usukani nikijiona mama mkwe wa kupigiwa mfano.

Nusu saa haikuwa imetimia filimbi ilipolia.

"Lori la samaki, songa mbele. Ingia ndani."

Ningaliweza kumwamsha. Ndivyo ilivyopasa. Lakini safari zote mbili zilizopita yeye ndiye aliyeliingiza lori katika uwanja ule, nami nikikaa pembeni kama mzigo mwingine. Nikiliingiza mwenyewe, na kulitoa mwenyewe, atakuwa na nini cha kumwambia tajiri isipokuwa kwamba ninafaa?

Nikatia gia.

Uwanja wa ukaguzi una lango lililojengwa na mtu asiyependa malori. Nguzo zake zimekwanguliwa rangi za kila namna. Nilikata kona kwa upana, nikatazama kioo cha kushoto, nikatazama cha kulia, nikapita. Hakuna rangi yetu iliyobaki pale.

"Fungua nyuma, mama."

Mkaguzi, kijana mwenye kalamu sikioni, akakata sili ya mlangoni. Milango ikafunguka, baridi ikamwagika nje kama moshi. Kijana akatega sikio.

"Umezima mashine kabla ya kufungua," akasema. "Safi sana. Wengi wanaiacha inavuta joto lote ndani."

"Ahsante," nikasema.

Sifa haikuwa yangu. Nikaipokea, nikaitia mfukoni.

Wakatoa katoni za mwanzo. Wakabishana kuhusu katoni za nyuma. Mmoja akaenda kumtafuta mkubwa wao. Mkubwa wao alikuwa akila, naye hakuwa mtu wa kula kwa haraka. Milango ilikuwa wazi, na jua lilikuwa limeingia tela zima kama mwenyeji. Nilisimama kwa adabu, mikono nyuma, kwa kuwa anayewaharakisha wakaguzi huteremshiwa mzigo wote.

Hatimaye wakafunga, wakatia sili mpya.

"Nenda, mama. Safari njema."

Nikaenda. Barabara ilikuwa tambarare, imenyooka, nami nilikuwa nimeketi juu yake peke yangu, na hakuna aliyeligombeza lori. Nilishangaa jinsi safari ilivyokuwa tulivu. Nilidhani utulivu ule ni umahiri wangu.

Kivuli chetu, kilichokuwa kimejificha chini ya magurudumu, kikatoka kikaanza kukimbia ubavuni. Kikarefuka mpaka kikavuka mtaro. Ndipo nilipoegesha kwenye kilima kidogo ili nikague matairi, kama nilivyofundishwa, nikazima injini.

Nyuma ya pazia, mkwe wangu akaketi ghafla.

"Mama?"

"Endelea kulala, baba. Ukaguzi tumeshauvuka. Nimeuvuka peke yangu."

Hakunipongeza. Pazia likafunguka. Uso wake ulikuwa na mistari ya mto.

"Mama, naona kumetulia."

"Kumetulia," nikasema, na kabla neno halijaisha kutoka, nikakikumbuka kile kitufe.

Aliteremka bila kukohoa. Nikamwona kwenye kioo, ameinua uso mbele ya kidirisha kinachoonyesha baridi ya ndani. Alizitazama namba zile muda mrefu kuliko namba mbili zinavyostahili. Kisha mashine ikanguruma, nami kwa mara ya kwanza nikausikia mlio ule kama mtu anayesikia jina lake likiitwa polisi.

Akarudi, akasimama mlangoni.

"Ilizimika," akasema.

"Haikuzimika. Niliizima mimi ili ulale. Na wakaguzi wakafungua milango, nami nikasahau."

"Hizi mashine huzimika, mama."

"Baba, ninakuambia..."

"Wewe gari," akasema, akikitazama kioo cha mbele, "hebu twende."

Akashika usukani. Akaendesha usiku kucha.

Tulifika ghala la baridi asubuhi. Namba zilikuwa zimerudi mahali pake, na katoni zilionekana nadhifu. Nikaanza kupumua kama watu. Samaki, nilijiambia, hawana wa kuwasemea.

Mpokeaji wa mizigo alikuwa mwanamke aliyevaa koti zito na glavu katikati ya joto. Alichoma kipimo katika katoni ya kwanza, akasoma.

"Baridi ni sawa."

Mkwe wangu alishusha mabega. Nami nikashusha yangu.

Yule mwanamke hakutoka. Alichutama, akavua glavu moja, akapitisha kiganja sakafuni mwa tela. Akachomoa funguo zake, akakwangua, akainua kitu. Kilikuwa kipande cha barafu, chembamba, safi, kama kioo cha dirisha.

"Haya maji yalitoka wapi?"

Mkwe wangu akaitazama mashine.

"Barafu haijizalii sakafuni. Hawa waliyeyuka, maji yakashuka chini, wakagandishwa tena. Mimi nilishe watu hivi vitu? Siwapokei." Akakitupa kipande nje, kikavunjika. "Mashine nani aliizima?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," mkwe wangu akasema juu ya sauti yangu. "Nilikuwa nimekesha. Nikaizima nilale. Mama hajui hata kitufe kiko wapi."

Mpokeaji alinitazama mimi, akamtazama yeye, akavaa glavu yake.

"Mimi nahitaji mmoja tu," akasema. "Mpigieni tajiri yenu, awachagulie."

Mkwe wangu akawahi simu. Akaenda kuzungumza nyuma ya gurudumu la mwisho, amenipa mgongo. Alizungumza sana kwa mtu asiyependa maneno. Aliporudi, alinikabidhi simu kwa mikono miwili, kama anavyonipa kikombe cha chai.

"Pole na safari, mama," tajiri akasema.

"Bwana, nisikilize. Mashine niliizima mimi."

Akacheka, tena kwa upole.

"Mkweo ameniambia utasema hivyohivyo. Kasema, mama ataibeba ili aniokoe, usimsikilize."

"Ninakuambia kweli. Nilibonyeza kitufe kwa kidole changu."

"Na mama mkwe mwenye moyo angesema nini kingine? Wangu mimi angenipeleka mwenyewe kituo cha polisi na chakula cha njiani angenifungia."

"Bwana, mimi si mtu wa uongo."

"Ndiyo maana hujui kuusema, mama."

Mtu hujifunza kuitetea nafsi yake. Nani aliyenifundisha kuishtaki?

"Nimesikia umevuka ukaguzi peke yako," akaendelea. "Lile lango limewakwangua watu wazima. Nimeridhika. Lori hilo ni lako kuanzia sasa. Litoe hapo, nitakuambia pa kuupeleka mzigo. Yeye akupe ufunguo, apande basi arudi nyumbani. Sitaki kumwona kwa sasa. Mtu niliyemwamini vile."

Simu ikakatika.

Nilichokuwa nikikitaka kilikuwa kimekuja. Nilikitaka tangu siku ya pipa la kwanza, nami nilikuwa nimewahi kuiota siku hiyo, nikiwa nimevaa gauni zuri.

Nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa akiteremsha vitu vyake: mto, chupa ya chai, ndara, redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa akivitia katika mfuko wa plastiki.

"Rudisha vitu hivyo."

"Mama, tafadhali."

"Umenifanya mwongo mbele ya tajiri."

"Nimekufanya dereva."

"Kwa kazi yako?"

"Mimi nitaitwa tena. Dereva aliyezidiwa na usingizi huonewa huruma. Mwanafunzi aliyezima mashine haitwi tena na mtu. Utaanzia wapi, mama? Kwenye mapipa?"

"Na watoto watakula nini mpaka uitwe?"

Akafunga mdomo wa mfuko, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipoingia katika ukoo wetu. Alinitazama machoni.

"Kazi yangu ilikuwa kukufundisha," akasema. "Ilinipasa nikuambie wewe. Nikaliambia tela."

"Nyie watu wa samaki," mpokeaji akaita, "ondoeni gari mlangoni. Mazungumzo ya nyumbani mtamalizia nyumbani."

Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi. Mkwe wangu akanitilia ufunguo kiganjani, akarudi hatua moja. Nikapanda. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikawasha injini, kwa kuwa mlango wa ghala ulikuwa wa watu na lazima uachwe wazi. Sikuwa nimeamua lolote zaidi ya hilo.

Simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu.

"Mama, uko peke yako?"

"Mume wako yuko hapa chini."

"Usimpe simu. Tajiri amenipigia sasa hivi. Anasema mume wangu amezima mashine ili alale, lakini haimwingii akilini. Ananiuliza kama siku hizi anaumwa, kama hata hapa nyumbani yuko hivyo."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu. Nimemwambia mtoto analia, nitampigia." Akashusha sauti. "Mama, huyu mtu kimya ndicho kinachomwamsha. Hapa analala na feni inayogonga kama kinu, hata mvua ikinyesha. Nikiizima tu, anakaa kitandani anauliza kuna nini. Hawezi kuzima kitu ili alale. Nani aliizima?"

Chini, mkwe wangu alikuwa ameisoma midomo yangu. Akanyoosha mkono kuiomba simu, akitikisa kichwa.

"Mimi," nikamwambia binti yangu.

Nyuma yake wajukuu zangu walikuwa wakigombania kitu, kila mmoja akidai ni chake.

"Nilijua," akasema. "Sasa, mama, tajiri ananisadiki mimi. Nikimweleza habari za feni, mume wangu anarudi kwenye lori na wewe unarudi chumba cha watoto. Nisipomweleza..." Hakumaliza. "Wewe ni mama yangu. Yule ni mume wangu. Tajiri anasubiri nimpigie. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimekwisha kuisema kweli, mbele ya mpokeaji na mbele ya tajiri, na pote pawili ilikataliwa. Nani angenilaumu nikichoka kuisema?

Honi ikapigwa tena, ndefu.

"Mama? Nimwambie nini?"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umekwisha kumjibu: ulikuwa umetia gia.